Idara ya Vinywaji Visivyojulikana

Asubuhi moja ya siku ya soko, wananchi wa Kasongo na Kabambare walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba wakubwa wamewakumbuka. Kuanzia siku hiyo kungekuwa na vinywaji vinavyojulikana, yaani bia za chupa, na vinywaji visivyojulikana, yaani vingine vyote. Hivi vya pili vingelindwa, vingeinuliwa na kuheshimiwa na Idara mpya iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, na ilikuwa marufuku kwa kinywaji chochote kujulikana bila idhini. Wananchi walipiga makofi mpaka kipaza sauti kikazimwa, kisha wakarudi kwenye mihogo yao.

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Placide, aliletwa kutoka Kindu pamoja na kiti chake. Kiti kilitangulia kwa pikipiki, yeye akafuata. Sheria yake ya kwanza ilikuwa safi kabisa: mtumishi wa Idara asikijue kinywaji anachokisimamia. Kikishajulikana hata na mtumishi mmoja, basi kinajulikana, na Idara itabaki inasimamia hewa. Yeye mwenyewe alitamka hadharani kwamba tangu azaliwe hajaonja hata tone. Alitamka hayo akiwa ameegemea ukuta. Watu walijua tu kwamba ni mchapakazi, kwa sababu kila wiki alikwenda Lusangi kukagua daraja, na kila aliporudi alikuwa ameridhika sana na daraja.

Sasa ilihitajika Tume ya Kuonja, ya kuteua kinywaji cha kwanza cha kuinuliwa, na Tume ilihitaji rais. Mkurugenzi akamwita Kamaldine, afisa wa usafi wa soko, mtoto wa familia ya zamani ya Kiislamu pale mjini, mtu ambaye pombe ameiona ikipita tu.

"Lakini Mheshimiwa, miye sikunywaka pombe," Kamaldine akasema.

"Njo maana nakutafuta. Mulevi iko na upendeleo. Weye kinywa chako haina historia."

Kamaldine hakuwahi kuwa rais wa kitu chochote. Alitembea kwenda nyumbani akisalimia hata watu asiowafahamu, na furaha yake ilidumu mpaka mlangoni.

"Baba Djamila," mkewe Hawa akamwuliza, "unaenda kuonja nini?"

"Vinywaji."

"Vinywaji gani?"

"Havijulikane."

"Pua ya Iliasi itavijua," Hawa akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Hapo Kamaldine akakaa chini. Binti yao Djamila alikuwa anakaribia kuolewa na mtoto wa Iliasi, mfanyabiashara wa vitambaa wa Kabambare, na Iliasi alikuwa na pua. Alishawahi kuvunja posa nyingine kwa sababu koti la mjomba wa binti lilinuka kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mjomba alijitetea kwamba koti ni la kuazima. Iliasi akajibu kwamba ukoo unaoazima makoti ya walevi una walevi jirani. Djamila alimpenda yule kijana, na Kamaldine alimpenda Djamila kuliko cheo. Kuliko kidogo tu, lakini kuliko.

Basi akabuni utaratibu ambao Idara iliupokea kwa heshima zote: Kuonja kwa Mbali. Rais wa Tume anasimama upande unakotoka upepo, mtu mwingine anakunywa, na rais anamtazama usoni. Likifumba jicho moja, kinywaji ni kikali. Yakifumba yote mawili, ni kikali cha heshima.

Alianzia Wamaza, ambako ilibidi kwanza athibitishe kwamba malafu, pombe ya mchikichi, haijulikani. Akamkuta mkulima mmoja, Bakari, ameshika kopo lililojaa povu.

"Unajua hii kinywaji?"

Bakari akaitazama tai ya Kamaldine, kisha akaitazama njia ya kukimbilia. "Hapana, chef."

"Lakini umeishika."

"Nimeikuta mu mukono."

"Na mbele ya kufika mu mukono?"

"Ilikuwa mu kibuyu. Lakini chef, hata kibuyu sikijue."

Wote waliokuwepo waliapa vivyo hivyo, akiwemo mmoja aliyeapa akiwa amelala. Kule Salamabila, wachimbaji wa dhahabu nao walikana kuijua kasiksi, na mmoja wao alilia kwa uchungu wa kutoijua. Kamaldine aliguswa. Hakuwahi kufikiri kwamba nchi hii ina ujinga mkubwa namna hii.

Lusangi alimkuta Mama Léocadie, ambaye alikuwa anapika lutuku nyuma ya nyumba. Lutuku ni pombe kali ya mahindi na muhogo. Hupikwa, mvuke wake ukapita kwenye bomba na kudondoka mweupe kama maji. Mama Léocadie peke yake, katika safari nzima, hakuapa chochote. Alijimiminia kidogo, akanywa, na macho yake yote mawili yakafumba.

"Kwa nini umekunywa weye kwanza?" Kamaldine akauliza kutoka mbali, upande wa upepo.

"Huku kwetu mwenye pombe anaonja wa kwanza, mbele ya wageni. Asipoonja, watu watauliza ametia nini. Na weye, président, hauonje?"

"Nimeshaonja, mama."

"Na nini?"

"Na macho."

Mama Léocadie akamtazama kwa huruma. "Basi rudi polepole. Usianguke mu njia."

Lutuku hiyo ikateuliwa. Bidoni moja, yaani dumu zima, ikapelekwa Kasongo, na kufumba na kufumbua ikabandikwa karatasi: NEKTA YA MKURUGENZI. Kipaza sauti kikaeleza kwamba Mkurugenzi ameibuni kwa akili tupu, bila kuionja.

Siku ya kuitambulisha ikaangukia mkesha wa harusi. Wageni walifika kutoka Kindu wakiongozwa na mkaguzi, Madame Sonia. Mama Léocadie alikuja kuona bidoni yake imekuwa nani. Na mstari wa mbele, pamoja na vitambaa vya harusi na pua yake, alikaa Iliasi.

Kamaldine alishajipangia pa kusimama, mbali, kwenye upepo. Mkurugenzi akamshika bega.

"Leo, mbele ya wageni wetu, président wa Tume ataonja na kinywa. Kopo nzima."

Umati ukashangilia. Kopo likajazwa. Kamaldine akamwona Iliasi akiinamisha kichwa mbele kidogo, tundu za pua zimefunguka, na akamkumbuka Djamila kule nyumbani, ambaye wakati huohuo alikuwa anapakwa hina. Aliogopa vibaya sana. Akatafuta neno lolote la kikazi la kusema, akapata moja tu.

"Mheshimiwa, pombe ni ya nani?"

"Kwani hujue kusoma? Ni yangu."

"Yako kweli?"

"Yangu miye! Hakuna mutu mwengine ametiamo mukono."

"Basi," Kamaldine akasema, "mwenye pombe anaonja wa kwanza."

Sauti ya Mama Léocadie ikatoka nyuma: "Aonje! Ao ametia nini mule?"

"Aonje! Aonje!" uwanja mzima ukaitikia. Madame Sonia, ambaye alikuwa ameshapewa kikombe chake, akakiweka chini taratibu.

"Directeur," akasema, "tunakungojea."

Mkurugenzi akalichukua kopo. Alikusudia kulishika kigeni, kwa vidole viwili, kama mtu aliyekutana nalo leo. Lakini mkono una mazoea yake. Ulidondosha tone moja chini, ukalizungusha kopo, na pombe yote ikaenda kooni kwa mara moja. Halikufumba hata jicho moja. Akalamba midomo, akakunja uso, akageukia umati na kumpata aliyemtaka bila kumtafuta.

"Mama Léocadie," akasema, "hii si kama ile ya wiki iliyopita. Umetia maji."

Mama Léocadie hakuona kosa lolote katika maneno hayo. "Walisema ni ya wageni, Directeur. Ile yako nimeiweka pembeni, sawa siku zote. Hukupita kwa daraja wiki hii."

Kamaldine alikuwa mtu wa sheria hata akiwa na woga. Akatangaza papo hapo, kwa niaba ya Tume, kwamba kinywaji hiki kinajulikana. Madame Sonia akauliza Idara imebaki na nini cha kusimamia. Mtu mmoja umatini akajibu, "Hewa!" na kabla ya jua kuzama Idara ikafungwa.

Iliasi akasimama, akamsogelea Kamaldine, akamnusa shingo, mikono na mabega. Alinuka sabuni na woga tu.

"Mukwe, uko safi," Iliasi akasema. Kisha akageuza pua kuelekea lile kopo, akanong'ona: "Lakini ule mutu anasema kweli. Maji imezidi."

Kamaldine hakuuliza amejuaje. Kesho yake Djamila aliolewa, na baba yake alilia wazi mbele ya watu bila kuona haya.

Kiti kikarudi Kindu kwa pikipiki, kikitangulia kama kilivyokuja. Bwana Placide aliambiwa asubiri pikipiki ya pili, na anaisubiri mpaka leo kule Lusangi, kwenye benchi la Mama Léocadie, ambako ni mtu anayejulikana sana. Ukipita ukamwuliza ni kinywaji gani alicho nacho, anakuambia amekikuta mu mukono.