Kuvuka Mlima kwa Tairi Ngumu

Jumatatu, 20 Januari

Karamu ya Thorri, ile ya vyakula vya kale katikati ya majira ya baridi, ni Jumamosi. Bonde zima litakuwa ukumbini, ng'ambo ya mlima, kula papa aliyevunda na kutazama kichekesho. Kila mwaka kamati ya karamu inaigiza waliojiaibisha. Mwaka jana ilikuwa zamu yangu: Ketill aliyekwama na gari kwenye theluji kati ya nyumba yake na zizi lake. Walitumia karai kuwa gari na unga wa ngano kuwa theluji. Watu walicheka mpaka machozi. Mke wangu, Salvor, hakucheka. Kasema nikiigizwa tena mwaka huu, atahamia meza ya kaka yake, Bersi.

Sitaigizwa. Sasa nina gari jipya, refu, magurudumu yote manne yanavuta. Nitavuka mlima mbele ya macho yao mpaka wakose la kusema.

Jumatano, 22 Januari

Bersi kapita asubuhi. Kazitazama tairi zangu, kaniambia nipunguze upepo. "Zilegeze, shemeji, mpaka zivimbe ubavuni. Tairi ngumu inachimba, laini inaelea." Yaani mtu anunue tairi nzima halafu aende nazo kama zimetoboka! Nikamshukuru kwa adabu. Alipoondoka nikaongeza upepo.

Nikaenda kuujaribu mlima, nimekwama kona ya kwanza. Nikafikiri sana, nikagundua kosa: gari ni jepesi. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikaleta dume la kondoo, nikalipakia nyuma. Gari likazama zaidi. Dume likatafuna mkanda wa kiti. Bersi akaja juu ya theluji ile ile, taratibu, bila shida yoyote, akanivuta. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamsihi asiseme kwa kamati. Akasema yeye hajaona kitu, ila hawezi kulisemea dume.

Alhamisi, 23 Januari

Nilipoingia bwawa la maji moto watu wote waligeuka kunitazama. Kisha kasisi, maji yakiwa yamemfika shingoni, akaniuliza dume langu linaendeleaje na masomo ya udereva. Wanajua.

Nikaenda moja kwa moja kwa Oddny, mwenyekiti wa kamati, na kichwa cha kondoo kilichobabuliwa vizuri. Nikasema ni salamu tu. Akajibu kwamba wiki hii wengi wamemjia na maombi, ila mimi ndiye wa kwanza kuja na kichwa. Hakuahidi kitu. Kichwa alikipokea.

Ijumaa, 24 Januari

Nimepata dawa. Kamati huongeza mambo mpaka dakika ya mwisho. Bersi akikwama kesho njiani, ataigizwa yeye, mimi nitasahaulika. Saa kumi na mbili jioni, giza limeshatanda, nikanyatia gari lake na kuanza kutoa upepo. Zote nne. Nilitaka kuzimaliza kabisa, ila mbwa akabweka nikakimbia. Niliziacha zimelegea, ubavu nje. Na theluji inamwagika! Naenda kulala na furaha yangu.

Jumamosi, 25 Januari

Tumetoka mapema. Salvor na gauni la karamu, ndoo ya papa nyuma, tairi zangu ngumu kama mawe. Tumekwama mita chache nje ya lango letu. Nimechimba kwa sepetu mpaka tai ikalowa jasho.

Akaja Bersi, anaelea. Kasimama, kashusha kioo, kasema kuna msamaria kampunguzia upepo jana, tena kiasi kile kile anachokipenda, kamwokolea kazi nzima ya asubuhi. Akanitazama kidogo. Tukapanda kwake. Nimefika ukumbini kiti cha nyuma, ndoo ya papa mapajani, bonde zima likiwa mlangoni.

Kichekesho kikaanza. Nikashika meza kwa mikono miwili. Wakamwigiza kasisi aliyesahau jina la bwana harusi. Wakamwigiza Oddny mwenyewe. Wakamwigiza Bersi anavyocheza dansi; akasimama akainamisha kichwa, watu wakapiga meza, wakamkumbatia. Mapazia yakafungwa.

Mimi, hata neno moja. Hata dume hawakulitaja.

Salvor akaniminya mkono chini ya meza. Akaninong'oneza kwamba aliwaomba waniache, akauliza kama nimefurahi. Nikasema sana. Nikala korodani za kondoo bila kusikia ladha. Watu walipita mezani wakimpongeza Bersi. Mimi hakuna aliyenitania, hata kwa bahati mbaya. Nilijisikia kama mtu aliyehama bonde na hakuna aliyemuuliza kaenda wapi. Nimeumia, na sikutegemea.

Jumapili, 26 Januari

Nimegonga kwa Oddny kabla hajanywa kahawa. Nikamuuliza kichekesho cha mwakani kinaanza kuandikwa lini. Akasema, "Ketill, baba, sahani za jana hazijaoshwa." Nikamweleza, kwa kupitapita tu, kwamba leo navuka mlima peke yangu, na kwamba kona ya kwanza inaonekana vizuri sana kutoka dirisha la jikoni kwake.

Nimejaza upepo mpaka pampu ikalalamika. Nimepakia dume. Safari hii na mke wake.

Naandika garini. Theluji imefika kwenye vioo, kondoo wanatafuna kiti cha pili. Lile pale gari la Bersi linapanda, laini, bila haraka. Kuna mtu amekaa kando yake. Ee Mungu, naomba awe Oddny, na awe amekuja na kalamu.