Kibodi Yangu na Chaja ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Imewaka! Kompyuta nzima, ndani ya kibodi kuukuu niliyoiokota kwenye takataka za ofisi moja. Bodi ndogo ya kompyuta, ya ukubwa wa kiganja, nimeibandika kwa gundi chini ya vitufe. Waya mmoja unakwenda kwenye televisheni, mwingine kwenye chaja ya simu yangu ya zamani. Basi!

Ijumaa ni usaili wa msimamizi wa chumba cha kompyuta, shule ya wasichana. Mwalimu mkuu kasema kila mwombaji aje na kitu alichokiunda kwa mikono yake. Miaka miwili tangu nifukuzwe karakana ya redio. Miaka miwili namwona mke wangu akitoka asubuhi kwenda kupokea wagonjwa zahanati, mimi nabaki na vyombo. Kazi hii naitaka kwa kufa na kupona.

Pembeni mwa skrini kuna alama ndogo ya radi, ya njano. Sijui imetoka wapi. Nadhani inaonyesha kasi.

Ilizimika baada ya dakika nne. Uchovu wa siku ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Imezimika mara kumi na moja. Nimegundua: joto. Nikachoma msumari jikoni, nikatoboa matundu ya hewa mgongoni mwa kibodi. Nyumba ilinuka plastiki hadi jioni. Bado inazimika.

Akapita shemeji, kaka wa mke wangu, fundi simu, mtu asiyejua kubisha hodi. Hata hakukaa. Akaitazama ile radi, akasema shem, hiyo inalia njaa, chaja yako haina nguvu, tafuta kubwa. Kwa sauti ya kumwambia mtoto afunge kamba za viatu! Mbele ya mke wangu! Kisha akataja kwamba naye ameomba kazi ile ile.

Ahaa. Anataka nibadilishe chaja ili mashine iungue. Nikamshukuru sana kwa ushauri. Chaja haibadilishwi ng'o.

Jumatano, 5 Machi

Mbaya wangu ni pasi. Inakula umeme wote wa nyumba. Nimeipiga marufuku hadi Ijumaa. Mke wangu ameenda kazini na sare iliyokunjamana. Alinikumbusha tu kuwa jana mashine ilizimika yeye akiwa zahanati na pasi iko kabatini. Ukoo ule wote ni wa wabishi.

Akauliza kwa nini nisijaribu chaja ya kaka yake, hata mara moja tu. Nikasema nitafikiria. Sikufikiria.

Mchana nimeng'oa vitufe vyote kwa kijiko, nikaviosha kwa sabuni, nikavirudisha. Vimebaki viwili visivyo na pa kukaa. Mashine inazimika vile vile, ila sasa inanukia.

Ijumaa, 7 Machi

Wacha niandike kabla hasira haijapoa.

Tulikuwa wawili tu. Shemeji alileta taa ya kusomea aliyoiunda kwa mabaki ya simu. Taa! Ikawaka, akaketi. Zamu yangu. Nikawasha. Radi ikatokea, nikawaeleza walimu kuwa hiyo ndiyo kasi. Ikazimika. Nikawasha tena. Ikazimika. Mwalimu mkuu akatazama saa yake. Jasho likanitoka, nikasema umeme wa shule hii ni mbovu.

Shemeji akainuka bila kuombwa, akatoa chaja mfukoni, akaichomeka. Alikuja nayo! Mashine ikawaka, radi ikatoweka, ikakaa dakika ishirini bila kutetereka. Walimu wakapiga makofi. Nikainama kupokea pongezi.

Mwalimu mkuu akasema mashine ni nzuri mno, ila chumba chake kina kompyuta kumi na tano zinazozimika, naye anataka mtu anayejua kwa nini. Akampa mkono shemeji.

Amenizunguka mchana kweupe. Nimelia njiani. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Safari hii kabisha hodi. Kasema amezungumza na mwalimu mkuu, ipo nafasi ya msaidizi, nianze kesho. Kasema mikono yangu ni mizuri kuliko yake, kilichobaki ni kusikiliza watu kidogo. Akaiweka ile chaja mezani, akasema sasa ni yangu. Mke wangu akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani, kabla ya mambo ya karakana.

Nikasema sihitaji kuonewa huruma. Nikamrudishia chaja yake mlangoni, na kwaheri.

Mke wangu hakugomba. Nilitegemea angalau agombe. Ameingia chumbani na kufunga mlango taratibu.

Si neno. Nimepata utulivu wa kufikiri, na kosa nimeliona. Rangi! Kibodi ni nyeupe, na hakuna anayeheshimu mashine nyeupe. Kesho asubuhi, watu wakishaenda kazini, naipaka nyeusi.