Panya Wangu Wasio na Woga

Jumatatu, 3 Machi
Homa Bay. Habari mbaya kutoka kwa Profesa Kerosi, mkuu wa idara yetu. Mwisho wa Juni jopo litakaa kuamua ni mhadhiri gani ataongezewa mkataba. Kipimo: makala zako zimenukuliwa na wasomi wangapi. Nimeangalia yangu mtandaoni. Nimenukuliwa mara moja tu. Aliyeninukuu ni mimi mwenyewe.

Na makala yenyewe ni nzuri mno! Dawa ya ubongo, majani ya kisiwa cha Mfangano yaliyosagwa. Kwa kawaida panya hukaa kwenye kona yenye giza, akiogopa mahali pa wazi. Wangu niliwawekea unga wa majani huko mahali pa wazi ili waunuse. Walitoka mbio, kifua mbele. Woga kwisha.

Mke wangu Jedidah ameniona nikitetemeka kwenye chai. "Baba Elvis, si dawa ya woga ni yako? Kunywa basi." Sikucheka.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata njia. Kila mwanafunzi ninayemsimamia lazima aninukuu kwenye tasnifu yake, la sivyo sitii sahihi. Chrispine anaandika kuhusu vizimba vya samaki ziwani. Naye pia.

Jioni Kerosi ameniita. Ameuliza panya wanahusiana vipi na vizimba vya samaki. Nimesema samaki naye ana ubongo. Amesema mtu unayemsahihishia mtihani hahesabiwi. Ameongeza kwamba nyumba yangu ya chuo ina watu wanaoisubiri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda Migori kwa Dkt. Mellen Robi. Yeye hurudia majaribio ya wenzake na huandika kama mashine. Mpango: nimbembeleze aninukuu hata mara moja.

Amenikaribisha vizuri, akasema alikuwa ananitafuta. Amelirudia jaribio langu. Panya wake hawakutoka kabisa kwenye kona. Akauliza mimi majani nilikausha wapi. Nikasema Mfangano, ufuoni, kwenye nyavu. Akauliza nyavu za nini. Nikasema nyavu tu, za kawaida. Akauliza za kuanikia nini. Nikasema za omena, dagaa wa ziwani.

Ameweka kikombe chini polepole. Amesema usiwe na wasiwasi, Daktari, nitakunukuu. Nilitaka kumkumbatia.

Njiani kurudi nimefika Rongo nikiwa na furaha. Hapo mama mmoja amepita na beseni la omena kichwani, na paka watatu nyuma yake, mchana kweupe, katikati ya barabara. Panya wangu hawakuwa majasiri. Walikuwa na njaa.

Jumanne, 17 Juni
Makala ya Mellen imetoka. Amenitaja kila ukurasa. Kosa la harufu ya omena amelipa jina langu: Kosa la Zadock. Wasomi wa mbali, watu nisiowajua, wanaliandika kwenye makala zao kuonya wengine. Leo wameongezeka. Kila nikifungua mtandao, jina langu linapanda.

Sili. Jedidah ameanza kuuliza bei ya nyumba za kupanga mjini. Mimi nimejifungia ofisini, na kila anayebisha namdhania ni Kerosi.

Ijumaa, 27 Juni
Jopo. Kerosi alisoma idadi ya walioninukuu, akavua miwani, akasoma tena. Hakuna aliyefungua makala hata moja. Akasema katika idara nzima hakuna anayenifikia. Mzee mmoja wa jopo akauliza hili Kosa la Zadock ni nini hasa. Nikasema ni kanuni ya maabara. Akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Mkataba nimepata! Jedidah amepika kuku.

Nimejifunza jambo kubwa: nimekuwa nikipoteza wakati kutafuta majibu sahihi. Wiki ijayo naenda Awendo, kwenye miwa. Majani ya safari hii nitayakausha juu ya magunia ya sukari nguru. Panya watatoka mbio, nawajua.

Nimempigia Mellen ajiandae kulirudia jaribio. Hajashika simu. Nasikia ana malaria, amelazwa. Nitapitia hospitalini Migori na matunda na kumwombea apone upesi, maana asipokuwepo yeye, nani atanisoma?