Tanga Jipya na Kombe la Vuli

Alhamisi, 9 Septemba

Tanga limefika! Spinaka jipya la njano, lile tanga la mbele la kunasa upepo wa nyuma, linavimba mara mbili ya lile la zamani. Nimelitandaza sebuleni, paka kapotea chini yake. Jumapili ni mbio za Kombe la Vuli, na safari hii Bascombe, mpinzani wangu wa klabu ya mashua, atalisikia tu. Kila mwaka hulibeba yeye, kisha hulibusu mbele za watu. Kinyaa!

Hilary, mke wangu na baharia mwenzangu, hakufurahi. Akauliza hilo ni tanga au hema la harusi. Akasema kijimashua chetu ni cha watu wawili, na nikimtia balaani tena atahamia kwa Bascombe. Kwenye mashua tu, akafafanua. Wivu wa maendeleo huo.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimelijaribu nchi kavu kwanza. Mtu makini hufanya hivyo. Mashua ikiwa juu ya kigari chake cha magurudumu, kwenye nyasi za klabu, nikapandisha tanga ili nikague mikunjo. Upepo ukaja. Mikunjo sikuiona.

Tukaondoka! Mashua, kigari na mimi ndani! Tukakata uwanja mzima, tukasimama kwenye meza ya chai ya Bi. Lavinia Crouch, mkuu wa klabu. Sandwichi za matango zikaenda zake. Bi. Lavinia akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama ninajua maji yako upande gani. Bascombe akacheka hadi akakaa chini. "Desmond, ndugu yangu, breki umeziweka wapi?"

Acheke. Kila mtu ameiona kasi.

Jumamosi, 11 Septemba

Jaribio la majini, pale mto unapoingia baharini. Alfajiri, Bascombe asije akanusa. Hilary kaja amenuna, na chupa ya chai. Akauliza kama nimeangalia maji yanakupwa saa ngapi. Nikamjibu tunajaribu tanga, hatuendi kuokota kaa.

Lo, kasi! Hilary alipiga kelele. Nadhani za furaha. Tatizo, kulishusha tanga lile ni kazi ya watu wanne, nasi tulikuwa wawili, mmoja amenuna. Tukalipita boya la mwisho, tukapanda tope. Maji yakapwa, yakatuacha pale kama viatu mlangoni.

 Hilary alikunywa chai yote peke yake. Maji yalipoanza kujaa ikaja boti ya uokozi. Zamu ya nani? Bascombe! Akamfunika Hilary blanketi. "Pole shemeji. Huyu bwana wako ana visa."

Na sheria ya klabu inajulikana: nahodha aliyeokolewa huosha vyombo jikoni mpaka aokolewe mwingine. Mbio kwake ni za kutazama.

Jumapili, 12 Septemba

Sinki. Sabuni. Dirisha la jikoni linauona mto vizuri mno.

Mwenzake Bascombe anaumwa mgongo, kwa hiyo Hilary kaenda naye. Nikamuuliza, ndoa haina thamani? Akasema ndoa tutaizungumza jioni, sasa hivi kuna upepo.

Wakashinda. Kwa kitanga kidogo! Na Hilary alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka ndani ya mashua tangu tuoane. Iliniuma, iliniuma sana. Sahani niliyoishika niliiosha hadi maua yake yakafifia.

Wakanywea shampeni ndani ya Kombe la Vuli, kisha Hilary akalileta jikoni mwenyewe, akalitua juu ya rundo la vikombe. Akaniambia nisugue vizuri ukingo wake, Bascombe kashalibusu.

Lakini nimelishika! Baada ya miaka yote hii, Kombe mikononi mwangu. Zito kuliko nilivyodhani. Nikalikausha kwa kitambaa cha meza cha klabu, kile kirefu cha sherehe. Chepesi, imara, kimeshonwa vizuri pembeni. Nikakiinua dirishani. Kikavimba!

Sasa kosa nimelijua. Tanga la njano lilikuwa dogo.