Kamera ya Marehemu na Pacha Wake

Jumanne, 5 Mei
Ragaa amekata shauri. Kamera moja itoke kabatini kabla ya Ijumaa, rafu inatakiwa kwa glasi za uchumba wa binti yetu Nihal. Eti mwanamume mzima anafanya nini na kamera mbili zinazofanana?

Hajui. Moja ya marehemu baba. Nyingine nilinunua soko la Ijumaa, ili jicho la husuda la wageni liishie kwake, ya baba isalimike. Ya baba niliifunga ushanga wa buluu, kinga ya husuda. Leo Ragaa kafuta vumbi, kavua ushanga akauoshe, kazirudisha ovyo. Ipi ni ipi?

Jumatano, 6 Mei
Nimezinusa zote. Zinanuka sabuni.

Kisha nikakumbuka. Ya baba inavujisha mwanga. Picha zote za utotoni zina mchirizi mweupe upande wa kulia, ndipo alipopenda kusimama shangazi Bahiga. Ukoo mzima hakuna anayejua sura yake ya ujana. Nikatia filamu kila kamera, nikampiga Ragaa picha dirishani. Nikamwambia amependeza. Akauliza nimevunja nini.

Alhamisi, 7 Mei
Filamu moja safi, nyingine ina mchirizi. Nilitaka kumbusu fundi Vartan aliyezisafisha. Akauliza hii yenye kasoro imetoka kamera gani, airekebishe.

Filamu nilizitia zote mfuko mmoja, bila alama. Kwa makusudi. Ningeweka alama, Vartan angejua moja ina thamani kwangu. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Ijumaa, 8 Mei
Uchumba. Munir, kaka yake Ragaa, kafika wa kwanza, kaichukua rafuni kamera ya karibu, kaisifu. Nikasema ni yako, shemeji. Kila mtu husema hivyo. Mwenye adabu hujibu Mungu akuzidishie, anairudisha rafuni. Munir kasema ahsante, kaivaa shingoni. Ragaa kapiga vigelegele, nafasi ya glasi imepatikana.

Nilicheka na wageni huku roho iko mkononi. Huenda kachukua ile ya sokoni. Huenda.

Jumapili, 10 Mei
Munir kaleta picha za sherehe. Nihal anang'aa. Mchumba anang'aa. Kulia kwa Nihal, nilipokuwa nimesimama mimi baba mtu, mchirizi mweupe wenye viatu. Picha zote. Munir kaniuliza kwa upole kwani siku ile nilitoka saa ngapi.

Nilijifungia jikoni, nikalia. Baba alikuwa akiishika kamera ile kwa mikono miwili, kama mkate wa moto. Ragaa akanifuata, nikamweleza yote. Akasema Baba Nihal, mwambie tu ilikuwa ya marehemu, Munir si mnyama, atairudisha leo hii. Akachukua simu ampigie.

Nikamnyang'anya simu. Munir akijua ni ya thamani, jicho lake litaipasua papo hapo.

Nina njia bora. Ijumaa anakuja kula, kamera shingoni. Akienda kunawa ataiweka mezani. Nitaweka yangu ya sokoni pembeni yake, nibadilishe kimyakimya. Ragaa kanipa ule ushanga, umeshakauka, eti niufunge kwenye yangu nisichanganye. Nimeutupa dirishani. Munir angeuona, angeshtuka.