Kumi na Wanane kwa Mia

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimepiga hesabu tena. Chuo cha Aldmere: wanaoomba nafasi mapema, kufikia mwanzo wa Novemba, wanakubaliwa kumi na wanane kwa mia. Wanaongoja Januari pamoja na umati, wanne. Wanne! Mimi naomba mapema. Kikwazo ni Anoush, rafiki yangu pekee shule nzima. Naye anaomba Aldmere mapema, na alama zake zinanizidi. Aldmere hawajawahi kuchukua wawili kutoka kwetu. Basi Anoush asubiri.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimemshauri wakati wa chakula cha mchana. Nikamwambia kuomba mapema ni kiapo: unasaini wewe, mzazi na mshauri wa shule, ukikubaliwa ndiyo basi, huwezi kulinganisha ada na kwingine. Yote kweli, kwa hiyo dhamiri yangu safi. Akaniuliza mbona mimi nasaini. Nikasema mimi sina akili. Akasema hilo analijua siku nyingi. Halafu akasema alitaka tu twende pamoja. Nikajifanya natafuta chumvi.

Alhamisi, 30 Oktoba
Nimesaini. Mama kasaini. Bi Ostrander, mshauri wa shule, kasaini huku akiguna. Eti kwenye wale kumi na wanane wamejaa wapiga makasia walioitwa na makocha wa timu za chuo tangu kiangazi, na watoto wa waliosoma palepale. Nisijidanganye. Nikauliza kama bado kuna muda wa kujifunza makasia.

Jumatatu, 3 Novemba
Anoush kahamia meza ya wapiga fidla. Kumbe Bi Ostrander alimwuliza kwa nini kaiacha Aldmere, naye akataja ushauri wangu, na wote wawili wakanielewa vizuri sana. Kaomba mapema chuo kingine, California, upande wa pili wa nchi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningemwomba anipishe, angenipisha. Nimekula mkate wangu wa siagi ya karanga nikitazama ukuta. Naumia, na sina wa kumwambia, maana wa kumwambia ni yeye.

Ijumaa, 12 Desemba
Saa kumi na mbili jioni majibu yakafunguliwa. Sikukubaliwa wala sikukataliwa: nimesogezwa kwa umati wa Januari. Anoush kapata California. Nyumba yao iko mkabala na yetu, nimeona keki ikiingia. Mama akasema nimpigie rafiki yangu, nisikae na huzuni peke yangu. Nikasema nitampigia. Nilikaa na simu saa nzima. Nilimkumbuka sana.

Jumapili, 14 Desemba
Nimegundua jambo! Aldmere wakishakusogeza, kiapo kimekufa. Na kuna vyuo vyenye awamu ya pili ya mapema. Kimoja kinachukua ishirini na wawili kwa mia! Kutoka shule yetu anakitaka mtu mmoja tu, Ingrid wa darasa la kemia. Juzi alikuja mezani kwangu, akauliza kama kiti kina mwenyewe, akakaa, tukacheka sana. Binti mwema, anasikiliza. Kesho nitamweleza taratibu kwa nini asiharakishe kusaini.