Mashtaka Dhidi ya Beseni la Kanji

Dodoma, mwaka wa 1912

Kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa serikali ya Kijerumani, bomani.

Pokea salamu zangu nyingi na heshima zote unazostahili. Mimi ni Akida Mbwana bin Yahaya, mtumishi wako wa upande wa Kizota, yule ambaye kanzu yake uliisifu mbele za wageni siku treni ilipoleta kengele ya stesheni. Niwie radhi kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na sababu yake utaiona huko mbele.

Nina mashtaka juu ya beseni moja. Najua boma lina kazi nyingi, lakini wallahi, jambo hili likiachwa hivihivi tutakuja kujuta sote.

Kwanza. Mama mkwe wangu, Bibi Mwanahawa, alikuja kutoka Kondoa kumwangalia mke wangu Batuli alipojifungua. Mtoto sasa anatambaa na Bibi bado yupo. Hilo silo shtaka. Shtaka ni kwamba aliingia jikoni akachukua kanji yangu, ile ya muhogo ya kukazia nguo, inayoletwa na treni kutoka pwani, ambayo bila hiyo kanzu ya akida haitofautiani na shuka. Badala ya kuipika kama watu wote, akaikoroga mbichi mbele ya binti yangu Mwanne na watoto wa majirani, kisha akawaambia watie mikono.

Namna yenyewe ni hii, nakueleza ili ujue cha kupiga marufuku. Ni vikombe viwili vya kanji kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Maji hayamwagwi yote kwa mkupuo, yanatiwa kidogo kidogo huku unakoroga kwa vidole. Ukiona kidole kinakwenda ukikisukuma taratibu na kinagoma ukikiharakisha, basi iko tayari. Tafadhali usijaribu. Lakini ukijaribu, usizidishe maji, maana utabaki na maji meupe tu na kanji imeharibika bure.

Pili. Kitu hiki hakina adabu. Ukikifinyanga haraka kinakuwa donge, ukiacha kufinyanga kinachuruzika katikati ya vidole kama maziwa. Kidole kikiingia polepole kinapita bila shida. Ngumi ikiingia kwa kishindo inakutana na jiwe. Ngumi ilikuwa yangu, na ni ya mkono wa kulia.

Tatu, na hapa naomba usikilize vizuri. Bibi aliwauliza watoto wameona nini. Matonya, mtoto wa jirani, akajibu kwamba kikipigwa kinakaza na kikibembelezwa kinalegea. Halafu wote wakageuka wakanitazama mimi! Walitazama tu kiboko nilichoshika, kiboko cha serikali, ulichonikabidhi kwa mkono wako mwenyewe. Bwana Shauri, kazi yetu yote wewe na mimi imesimama juu ya jambo moja, kwamba ukipiga, kinalegea. Sasa watoto wa Kizota wameona kwa macho yao kitu ambacho ukipiga kinakaza. Tutawaambia nini?

Nne. Nililihukumu beseni viboko papo hapo. Watoto wakanihesabia kwa sauti, kwa furaha kubwa mno. Kila nilipopiga kilikaza, hata tone halikuruka. Nilipochoka kikalegea, kikatulia kama vile sikuwapo.

Tano. Nikalitia beseni rumande stoo, na askari Shaaban nikamweka alilinde. Asubuhi nikakuta ushahidi umebadilika, maji yako juu na chini kumeganda udongo mweupe. Nikapiga kelele za mwizi. Shaaban akaniambia, uso mkavu kabisa, kwamba mshtakiwa hukorogwa kila mara, la sivyo anaganda. Tangu hapo anamkoroga. Adhuhuri nilimkuta bunduki ameiegemeza ukutani, mikono yote miwili imo ndani, anatabasamu peke yake. Nilipomwita akasema nimsubiri kidogo.

Sita. Hili nilitaka kulificha, lakini ndilo linaloniuma. Siku ile, kwa hasira, nilimvuta Mwanne mkono kutoka kwenye beseni kwa nguvu. Akaanguka, nami nikamfokea mbele ya wenzake. Tangu hapo hasemi na mimi. Shikamoo hanipi. Nimeamuru, nimefoka, nimemzuia kucheza, na kadiri ninavyoamuru ndivyo anavyozidi kufunga mdomo. Kwa mama yake anacheka. Kwa bibi yake anaimba. Mimi nikiingia tu, anakauka. Huyu ndiye aliyekuwa akinisubiri mlangoni kila jioni anivue kofia, Bwana Shauri. Sasa naivua mwenyewe. Nani aliyemfundisha ukaidi huu kama si beseni?

Utauliza kwa nini simwambii mama mkwe mwenyewe afungashe. Kwenu sijui, lakini kwetu mkwe hafokewi. Nikikutana naye natazama chini, naye ananiuliza kwa upole kama nimekula. Najibu ndiyo, hata kama sijala. Mimi siwezi. Serikali inaweza.

Kwa hiyo naomba kanji ipigwe marufuku isipokuwa kwa kanzu za maakida. Naomba Bibi apewe punda na askari wa kumsindikiza hadi Kondoa, kwa heshima zote, na askari huyo asiwe Shaaban. Naomba mlenda nao uchunguzwe, maana jana niliuinua kwa mwiko ukanifuata karibu mpaka mlangoni, na sasa sikiamini tena chakula chochote chenye utelezi. Mwisho, naomba Mwanne aandikiwe amri yenye muhuri wa boma, imwagize kumwamkia baba yake.

Nisalimie mama watoto huko Ulaya na watoto wote, karani wako, askari wa boma mmoja mmoja, fundi wa treni, na yule nyumbu wako aliyekuwa anaumwa kwato.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye mkono mmoja kwa sasa,
Akida Mbwana bin Yahaya

Nyongeza. Nilikuwa nangoja wino ukauke. Shaaban akaja na beseni, eti ametumwa na Bibi, akaliweka barazani karibu na mkeka wangu akaondoka. Mwanne akaja akachutama upande wa pili. Sikumwita. Niliuweka mkono ule unaouma juu ya kanji, nikauacha tu, ukazama wenyewe. Ubaridi wake ulinipoza. Baadaye kidogo, mkono wake nao ukaingia. Nilishtuka, nikataka kuutoa wangu upesi, ukanasa. Ndipo aliponiambia, baba, polepole. Kisha akaniamkia. Nimeitikia marahaba kwa sauti ambayo Akida hapaswi kuwa nayo, na nashukuru hapakuwa na mtu wa boma.

Basi yote niliyoomba usiyatazame, na zaidi ya yote habari ya punda. Bibi hajamaliza kazi yake hapa. Ila kuhusu kiboko cha serikali, nilikiegemeza kwenye beseni nikakisahau, na mpini wote umezama. Mwanne anasema kitatoka tukikivuta taratibu. Hatuna haraka.